Kidonda Kinafuata Ulimi

Watu wa siku hizi mkisikia habari za uchawi mnacheka, kisha mkifika nyumbani mnafunga mlango mara mbili. Mimi sibishani na mtu. Nasimulia tu lililompata mama mkubwa Kadidja, dada wa mama yangu, hapa hapa Kisangani, mwaka wa sitini na nne. Aliyenieleza ni mama yangu mzazi, Nyota, ambaye hakuwa mwongo wala mpenda porojo. Alilinyamazia jambo hili miaka ishirini na tano, akaja kulisema jioni moja tu, baada ya maziko, kwa sababu nilimuuliza swali ambalo hakuweza kulikwepa.

Mama mkubwa Kadidja alikuwa mjane. Mumewe, fundi viatu, alikufa kabla ya uhuru akamwachia nyumba katika mtaa wetu wa Waislamu, mtoto mmoja wa kiume aitwaye Alfani, na mbuzi jike mweusi. Mama yangu alikuwa bado hajaolewa, akaishi nao. Yule mbuzi walimwita Madamu, maana alikuwa na maringo yasiyo na kifani. Hakukanyaga tope. Maganda ya ndizi yakianguka chini hakuyala mpaka yaokotwe na kuwekwa kwenye sahani. Majirani walitania kwamba ameolewa na karani wa serikali.

Siku mambo yalipoanza ilikuwa siku ya kawaida kabisa, mwezi wa nane, wiki ya tatu tangu waasi walipoingia mjini. Mama yangu alikuwa akitwanga pondu, majani ya muhogo. Mama mkubwa alikuwa akishona mkeka. Alfani akatokea kwenye ua, amejifunga majani kichwani, bunduki begani, umri wake miaka kumi na minane. Alisimama nje ya wigo, hakuingia.

"Usinikaribie, mama," alisema. "Mwanamuke akinigusa, dawa inakufa."

"Mimi siko mwanamuke. Mimi iko mama yako."

"Banasema iko sawasawa."

Mama mkubwa akabaki amesimama na sindano ya mkeka mkononi. Kijana alikuwa na chale mbichi kwenye paji la uso, mganga wa jeshi lao alikuwa amemkata asubuhi ile. Alijifuta damu kwa kitambaa, akakitupa juu ya wigo. Akasema wamfulie, atakuja kukichukua. Kisha akaenda zake bila kugeuka nyuma, kwa kuwa hilo nalo lilikuwa sharti. Mama mkubwa alikiokota kile kitambaa. Hakukifua.

Mama yangu aliniambia kwamba dada yake hakuiamini hata kidogo dawa ya jeshi, ile ya kugeuza risasi kuwa maji. Alisema dawa ya watu wote ni kama chungu cha watu wote, hakina wa kukilinda. Kesho yake alikwenda nyuma ya soko kwa bibi kizee mmoja aliyetoka Opala, mtu ambaye wanawake walimtaja kwa sauti ndogo. Mama yangu alimsindikiza. Bibi alichemsha kitambaa mpaka maji yakawa ya rangi ya chai, akayatia kwenye kibuyu.

"Mbuzi atakunywa," alisema. "Kitu ya kumupata mutoto itakwenda kwa mbuzi. Wewe utatunza kidonda yake kama ya mbuzi yoyote. Lakini usimuache ajilambe. Kidonda kinafuata ulimi. Mbuzi akilamba, kinarudi kwa mutoto, sababu damu yao itakuwa moja."

Mama mkubwa akauliza, dawa hiyo itadumu siku ngapi. Bibi kizee alikuwa amekwisha kuanza kufagia. Madamu alikunywa maji yale yote siku hiyo hiyo, kwenye sahani yake.

Jeraha la kwanza lilikuja Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa tisa, saa nne asubuhi, jua limewaka. Madamu alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya ukumbi, anatafuna maganda. Mama yangu alikuwa akichambua mchele hatua tatu kutoka pale. Hapakusikika mlio wa bunduki. Mbuzi akapiga magoti. Akatulia hivyo, kama anayesujudu, kisha akaanguka ubavu, na kwenye paja la nyuma palikuwa na tundu la duara, kidole kingeweza kuingia.

Mama yangu alipiga ukelele. Mama mkubwa Kadidja alikuja mbio, akatazama, halafu akafanya jambo ambalo mama yangu hakulisahau. Alicheka kwa furaha, machozi yakimtoka.

"Haikumupata," alisema. "Nyota, unaona? Haikumupata."

Basi wakaanza kazi ya kumtibu. Walichemsha maji, wakaosha tundu kwa kitambaa safi, wakatia asali, wakafunika na mafuta ya mawese yaliyochanganywa na masizi ya chungu. Pembeni mwa kidonda, siyo ndani, walipaka pilipili iliyosagwa. Mbuzi mwingine angekoma hapo. Madamu alipiga chafya, akageuza shingo, akanyoosha ulimi. Mama mkubwa alimdaka pua. Siku ile ile alichukua kikapu cha kekele, zile fito za mwituni, akakikata kitako, akamvisha kichwani na kukifunga shingoni, mdomo wa kikapu ukitazama mbele. Sasa mbuzi aliweza kula kwenye sahani, lakini akigeuka, kikapu kiligonga ubavu na ulimi haukufika.

Mtaa mzima ulicheka. Florentine, jirani yao Mkristo mwenye asili ya Barumbu, alipita kila asubuhi kusema, "Mbote, Madame. Leo umevaa chapeau," yaani kofia. Hata mama mkubwa alicheka. Wale wengine hawakujua wanacheka nini.

Siku ya tatu kidonda kilikuwa kimefunga. Hakikutoa usaha. Nzi walikuja, wakazunguka, wakaondoka. Lakini manyoya hayakuota tena pale, na ngozi iliyobaki haikuwa ya mbuzi. Ilikuwa laini, ya kahawia, yenye vinyweleo vichache. Mama yangu aliigusa mara moja tu. Alisema ilikuwa na joto la paji la uso la mtoto mwenye homa.

Majeraha mengine yalifuata. La panga begani. La risasi ubavuni, na jingine la risasi chini yake. Kila mara mama mkubwa alishukuru Mungu, akachemsha maji, akasaga pilipili, akakaza kikapu. Alilala na kamba ya mbuzi imefungwa kwenye kifundo cha mkono wake. Alipungua mwili mpaka kanga ikamzunguka mara mbili. Mama yangu alimwambia apumzike, yeye atashika zamu. Alikataa. Mwenye mtoto ni yeye.

Mwezi wa kumi ukaleta jambo jipya. Asubuhi moja walikuta kovu kwenye goti la mbele la Madamu. Halikuwa kidonda, lilikuwa kovu la zamani, limepona kitambo, lenye umbo la ndoano. Mama mkubwa alikaa chini palepale kwenye vumbi.

"Hii ni ya baiskeli," alisema.

Alfani alianguka na baiskeli ya baba yake alipokuwa na miaka tisa, akachanika goti namna hiyo hiyo. Wiki iliyofuata, kwenye shingo ya mbuzi, likatokea kovu la kuungua. Mawese yalimmwagikia Alfani alipokuwa na miaka minne. Mama mkubwa alilijua kovu lile kuliko alivyojua uso wake mwenyewe, maana ni yeye aliyelitibu. Dawa haikuchagua. Ilimaliza mapya, ikaanza kuchukua ya nyuma, ikirudi utotoni mwaka kwa mwaka.

Siku mbili baadaye Feruzi alipita. Alikuwa mtoto wa jirani, akipigana kikosi kimoja na Alfani. Alisimama nje ya wigo kama sharti lao lilivyotaka, akapewa lituma, ndizi za kupondwa, kwenye jani, akala akiwa amesimama.

"Alfani iko muzima?" mama mkubwa aliuliza.

"Iko muzima, mama. Muzima sana." Feruzi alitazama nyuma, akashusha sauti. "Risasi inaingia mu shati yake, tunaona shimo. Damu hakuna. Sisi bote tunamuogopa."

"Anasema nini?"

"Anasahau. Alituuliza baiskeli ni nini. Juzi nilimutajia jina yako. Akawaza, akawaza."

"Alafu?"

"Alisema ni jina muzuri."

Feruzi hakumaliza chakula chake. Aliliweka jani chini taratibu na kuondoka.

Ndugu hao wawili walikwenda nyuma ya soko alasiri ile ile. Chumba cha bibi kizee kilikuwa kitupu. Majirani zake walisema amekwisha kurudi Opala, wengine wakasema amekufa, na mmoja akauliza kwa dhati ni bibi yupi wanayemtafuta. Njiani mama yangu alimsihi dada yake amvue mbuzi kikapu, kila kitu kirudi kwa mwenyewe, liwalo na liwe. Mama mkubwa alimjibu bila kukasirika.

"Mwenye kusahau atakumbushwa," alisema. "Maiti haikumbushwi."

Sasa nifike kwenye chumvi. Mama yangu alipofika hapa aliomba maji ya kunywa.

Miezi hiyo Kisangani haikuwa na chumvi. Meli kutoka chini ya mto zilikuwa zimekoma, watu wakachoma majani ya mtoni na kuchuja majivu yake ili chakula kipate ladha. Mwezi wa kumi na moja, siku ya Jumatatu alasiri, Madamu alipasuka tumboni. Ulikuwa mpasuko mrefu, na huu haukuonyesha dalili ya kufunga kama mengine. Mama mkubwa aliushona kwa uzi. Hakula. Hakulala. Mama yangu akamwonea huruma isiyo na mfano. Alijua Florentine ana chumvi kidogo aliyoificha kwenye kopo. Alichukua kanga yake mpya, akaenda kuibadilisha na konzi moja ya chumvi.

Mtaani kwetu hakuna mtoto ambaye kidonda chake hakikuoshwa kwa maji ya chumvi. Ni jambo la kwanza mwanamke anafundishwa. Mama mkubwa hakuwahi kulikataza, kwa kuwa chumvi yenyewe haikuwepo ya kukataza. Jumanne alfajiri, dada yake alipokuwa ndani akisali, mama yangu alipasha maji, akatia chumvi yote, akamwosha Madamu ule mpasuko. Akaosha na la begani. Akaosha na ya ubavuni, na la paja, na makovu ya zamani, kwa upendo, taratibu, mpaka maji yakaisha.

Madamu alisimama kimya. Pua yake ilianza kucheza.

Hakuna mbuzi asiyependa chumvi. Na yule alikuwa hajaionja kwa miezi mitatu.

Ndege zilisikika wakati ule ule, za Wabelgiji waliokuja kuwatoa waasi mjini. Nyingi, za chini, upande wa uwanja wa ndege. Jua lilikuwa linachomoza. Madamu aligonga kikapu kwenye nguzo. Akagonga tena. Kekele ikakatika. Mama yangu alidaka hewa. Mbuzi akageuza shingo akalilamba lile la paja.

Alilamba mara mbili tu. Ngozi ya kahawia ikatoweka. Manyoya meusi yakafunika pale, mazima, yanang'aa.

Mama mkubwa alikuwa mlangoni. Aliona.

"Mushike kichwa," alisema.

Mama yangu alimshika pembe. Mbuzi alivuta. Bunduki zilianza mjini, mbali, kisha si mbali. Tundu likafunguka kifuani mwa mbuzi. Jingine shingoni. Mama yangu alikaza mikono, akatazama chini, akakutana na macho ya Madamu. Mboni ya mbuzi hulala kama mstari. Zile zilikuwa za duara. Na zilimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kukuona wapi.

"Niliachia," mama yangu aliniambia. "Unasikia? Niliachia."

Mama mkubwa Kadidja hakugombana naye. Hakukuwa na nafasi. Ulimi wa mbuzi ulikuwa umetoka, unaelekea ubavuni. Mama mkubwa akapiga magoti, akaweka mdomo wake pale kwanza.

Huyu ni mwanamke aliyesuuza sufuria mara saba mbwa akiinusa. Damu hakuila hata kwa bahati mbaya. Alilamba. Pilipili, masizi, mawese, chumvi, damu. Alimaliza la ubavuni, akahamia begani. Mbuzi alipogeukia upande mmoja, yeye alikuwa amekwisha kufika. Kila alipopita, manyoya yaliota. Kila bunduki ilipolia mjini, tundu jipya lilifunguka, naye akalifuata. Mama yangu alikuwa ameegemea ukuta. Aliona dada yake analamba goti. Aliona analamba lile la kuungua shingoni. Mwisho aliingia chini ya tumbo, kwenye ule mpasuko, akakaa huko muda mrefu.

Halafu Madamu akatikisa masikio, akaenda kwenye sahani yake. Alikuwa mbuzi mweusi mzima.

Mama mkubwa alijifuta mdomo kwa kiganja.

"Imekwisha," alisema. "Mupe mayi ya kunywa."

Alijilaza kwenye ule mkeka alioushona mwenyewe. Mama yangu alipomletea maji, alimkuta amekwisha kukata roho.

Wanawake watatu walimwosha. Nguo zake hazikuwa na tundu hata moja. Ukuta na bati la nyumba vilikuwa vizima. Lakini mwilini walihesabu risasi saba na panga moja, bila tone la damu. Gotini palikuwa na kovu la ndoano, shingoni kovu la kuungua, na tumboni ule mpasuko mrefu. Florentine alisimama mlangoni, hakuingia, akapiga ishara ya msalaba. Siku zile watu walikuwa wanazikwa kila mtaa, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kuuliza. Madamu alichukuliwa na askari wiki hiyo hiyo, wakamla na ndizi. Hatukusikia kama kuna aliyeumwa tumbo.

Alfani alirudi mwezi wa kwanza, akichechemea. Feruzi ndiye aliyemleta. Alisema Jumanne ile, barabarani, kabla hata hawajapigwa risasi moja, Alfani alianguka peke yake, paja linabubujika damu. Feruzi alimburuta msituni. Waliokwenda mbele hakurudi hata mmoja.

Mama yangu alimkalisha kijana ukumbini, akampa maji, akamweleza kwamba mama Kadidja amefariki. Alfani aliinamisha kichwa kwa adabu.

"Pole sana, mama," alisema. "Marehemu alikuwa nani yako?"

Mama yangu alijibu, "Dada yangu."

Baadaye alimfundisha. Alimwambia mara nyingi kwamba yule ndiye aliyemzaa, akampeleka kaburini, akamwonyesha mashine ya viatu ya baba yake. Alfani alikubali yote kama mwanafunzi anavyokubali somo la jiografia. Alijifunza ushonaji, akawa fundi mzuri, mtu mpole, hakuoa. Sisi watoto wa Nyota tulimwita yaya Alfani, yaani kaka, na tulimpenda. Hakuwahi kumlilia mtu yeyote. Nakiri kwamba nilipokuwa mdogo niliona huo ni ubaridi wa moyo, na nilimchukia kidogo kwa ajili yake. Leo naona haya.

Alikufa kwa homa mwaka wa themanini na tisa. Mimi na mzee Sefu, mwoshaji wa msikiti wetu, ndio tuliomwosha. Sikujua bado lolote kati ya haya niliyowaeleza. Mzee Sefu alimfunika nguo kuanzia kifuani mpaka chini ya magoti, akajizungushia kitambaa mkononi, akapitisha mkono chini ya nguo kama sheria inavyotaka. Mimi nilikuwa namwaga maji. Mwili ulikuwa safi mno kwa mtu aliyepigana vita. Hapakuwa na kovu mikononi, shingoni, hata alama ya chanjo begani, ile ambayo kila mtoto wa wakati wa Wabelgiji alikuwa nayo. Mzee Sefu alisema chini ya nguo, magoti na yote, amelikuta kovu moja tu, pajani.

Kisha akafika tumboni. Desturi ni kulibinya tumbo la maiti taratibu. Mkono wake ulisimama. Ukarudi nyuma. Ukapita tena. Alinitazama, akavua kile kitambaa, akanivisha mimi.

"Weka mukono," alinong'ona.

Niliweka. Nilianzia mbavuni, nikashuka. Ngozi ilikuwa laini na baridi, imenyooka mpaka kiunoni, na mkono wangu haukukwama popote. Nikatafuta kwa kidole, katikati, pale ambapo kila mtoto wa mwanamke amekatwa siku ya kwanza. Hapakuwa na kitovu.

"Mwaga mayi," alisema mzee Sefu. Nikamwaga.